Mkopo wa halmashauri, SIDO au cheti cha uwekezaji: mkamuaji wa mawese Kigoma aanzie wapi?

Mtu mwenye mashine moja ya kukamua mawese pale Mwandiga akiuliza msaada wa serikali unapatikana wapi, atapewa majibu matatu kabla hajamaliza chai. Wa kwanza atamwambia aende halmashauri, kuna mkopo usio na riba. Wa pili atamtuma SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo. Wa tatu, aliyesikia redioni habari za wawekezaji, atamwambia atafute cheti cha uwekezaji asamehewe kodi. Wote wanasema kweli. Tatizo ni kwamba kila njia ilitengenezwa kwa shida yake, na aliyeingia njia isiyo yake hupoteza msimu mzima akifuatilia karatasi.

Nalinganisha njia hizo kwa macho ya mkamuaji, mpika sabuni na mkausha dagaa wa Kigoma, si ya mwenye kampuni kubwa na wakili wake. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa wengi wetu, SIDO kwanza, mkopo wa halmashauri baadaye, na cheti cha uwekezaji siku ile unapoagiza mitambo ya maana. Yapo mazingira yanayobadilisha mpangilio huo, nitayataja.

Wakati wenyewe ni wa kuchagua vizuri. Tangu 2018, Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu, alipoanza kuisukuma michikichi kama zao la kimkakati, mkoa umepata kituo cha utafiti cha TARI Kihinga na miche ya Tenera, aina ya michikichi yenye mafuta mengi, imesambazwa vijijini. Mkataba wa reli ya kisasa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Mwaka huohuo Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, maana yake ng'ambo ya ziwa sasa ni soko la jumuiya, kama Burundi ilivyo tangu 2007. Na nchi bado inaagiza mafuta ya kula kutoka Malaysia na Indonesia. Nafasi ipo.

Mkopo wa asilimia 10

Fedha hizi zinatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri yenyewe: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Hazina riba. Zilisitishwa Aprili 2023, baada ya ukaguzi kuonyesha marejesho mabovu na vikundi hewa, zikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Katika utaratibu huo Manispaa ya Kigoma Ujiji iliwekwa miongoni mwa halmashauri 10 za majaribio zinazotoa mkopo kupitia benki, wakati halmashauri nyingine zinaendelea kutoa zenyewe.

Hili la mipaka watu hulipuuza. Mama wa Gungu au Ujiji yuko manispaa. Mama wa Mwandiga, mwendo mfupi tu kwa daladala, yuko Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Biashara ni ileile, mawese ni yaleyale, lakini mlango wa kugonga si mmoja. Na kwa kuwa fedha zinatokana na makusanyo ya halmashauri husika, penye makusanyo madogo hata asilimia 10 yake ni ndogo, nayo inagawanywa kwa vikundi vya kata zote. Kabla ya kuandika katiba ya kikundi, muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako vikundi vingapi vilipata awamu iliyopita na kwa kiasi gani. Swali hilo moja linaokoa miezi.

Faida ya mkopo huu haina ubishi: mtu asiye na kiwanja cha kuweka rehani anaweza kupata mtaji. Kwa wanawake wa mkoa huu ambao ardhi mara nyingi imeandikwa majina ya waume au kaka zao, hilo ni jambo kubwa, na nalitetea mkopo huu kwa sababu hiyo kuliko nyingine yoyote.

Lakini sharti lake ni kikundi. Wanawake na vijana hukopa wakiwa wasiopungua watano, na mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake. Hapo ndipo pa kujichunguza kwa ukweli. Kuna kikundi kinachofanya kazi pamoja: wananunua mikungu ya michikichi pamoja, wanachemsha pamoja, wanauza pamoja. Na kuna kikundi kilichokutana siku ya kuandika muhtasari. Cha pili kikipata fedha kinazigawa, kila mmoja anarudi kwenye biashara yake, na deni linabaki la wote. Mmoja akihamia Uvinza kufuata biashara nyingine, wanne wanalipa sehemu yake. Kama hamjawahi kuuza hata pipa moja kwa pamoja, msikope kwa pamoja.

Jambo la pili ni ratiba ya marejesho. Mkopo usio na riba unaweza kukuumiza kuliko wenye riba ukiwa umepangwa vibaya. Tuseme mmepewa Sh milioni 10 za kurejesha kwa miezi 12. Kila mwezi mnatakiwa Sh 833,000 na ushei. Kama faida ya dumu la lita 20, baada ya kuni, mikungu na vibarua, ni Sh 5,000, mnahitaji kuuza madumu 167 kila mwezi kwa ajili ya deni peke yake, kabla hamjala. Mikungu inapokuwa mingi mnaweza kufikisha, ila ndio wakati bei ya mawese inashuka kwa sababu kila mtu anakamua. Mikungu ikiadimika bei inapanda, na nyie hamna cha kukamua. Ndiyo maana wenye uwezo hununua mawese ya bei ya chini, wakayahifadhi kwenye mapipa wakisubiri. Mwenye deni la kila mwezi hawezi kusubiri. Anauza kwa bei yoyote ili tarehe isimpite.

Nilikaa na mweka hazina wa kikundi kimoja cha akina mama wakamuaji, tukafungua daftari lao la kaunta. Kila ukurasa ulikuwa na doa la rangi ya mawese. Tarehe zilikuwapo, jumla ya mauzo ya kila siku ilikuwapo, kwa mwandiko safi. Bei waliyonunulia mikungu haikuwapo popote, wala kuni, wala ujira wa kijana anayesukuma kinu. Mama yule alijua kwa kichwa kuwa wanapata faida, na huenda ni kweli. Ila anayekagua ombi la mkopo, awe wa benki au wa halmashauri, hawezi kusoma kichwa cha mtu. Tulichora safu mbili za ziada kwa rula, na baada ya wiki kadhaa ikaonekana kwamba sabuni waliyoipika kwa mafuta ya mise, yaani kokwa za chikichi, waliyoichukulia kama kazi ya kujazia muda, ndiyo iliyokuwa inabeba gharama za mawese. Bila safu zile wangekopa kununua mikungu zaidi, wakati walichohitaji ni sufuria kubwa na magadi.

SIDO

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo lilianzishwa kwa sheria ya 1973 na lina ofisi mikoani, Kigoma ikiwamo. Watu wengi hapa wanalijua kama mahali pa kukopa, kwa sababu ya mfuko wa NEDF ulioanzishwa 1994. Mimi nadhani mkopo wake ndio sehemu ndogo kuliko zote. Una riba, unadai dhamana au mdhamini, na kiwango chake hakitoshi kujenga kiwanda. Ukilinganisha mkopo kwa mkopo, halmashauri inashinda.

SIDO inashinda kwenye mashine, mafunzo na alama ya ubora.

Tuanze na mashine. Chikichi lina tabia ya kutosubiri. Tunda lililovunwa likikaa zaidi ya siku moja au mbili bila kuchemshwa, asidi inapanda ndani yake na mafuta yanapoteza ubora; yataganda vibaya, yatanuka mapema, na mnunuzi atakupunja. Kwa hiyo mashine ikivunjika katikati ya msimu, hasara inaanza kuhesabiwa kesho yake. Mashine iliyotengenezwa au kurekebishwa na fundi wa hapahapa, mwenye vyuma vya kuchonga kipuri, ina thamani kuliko ya kisasa iliyoagizwa mbali ambayo beringi yake haipo maduka yote ya Mwanga, hapa mjini Kigoma. Mashine za kusindika mawese ni kazi ambayo karakana za SIDO wamekuwa wakiifanya. Nenda na maelezo: unapata mikungu mingapi kwa wiki, ya aina gani. Michikichi yetu ya zamani, Dura, ina kokwa lenye ganda nene na nyama kidogo. Tenera ina nyama nyingi na ganda jembamba. Kama shamba linalokulisha limeanza kubadilika kuwa Tenera, usinunue mashine kwa hesabu za Dura.

Kisha alama ya ubora. Mjasiriamali mdogo akiwa na barua ya utambulisho ya SIDO huanza safari ya kupata alama ya TBS, Shirika la Viwango, bila kubeba gharama za kupimwa kama zinavyobebwa na kiwanda kikubwa. Watu huona ni karatasi ya ukutani. Si hivyo, hasa kwa Kigoma. Nchi za Jumuiya zilikubaliana kutambuliana alama za ubora, hivyo sabuni yenye alama ya TBS haipaswi kupimwa upya ikivuka Manyovu kwenda Burundi. Na kwa mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, upo utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo wenye cheti rahisi cha uasilia, kinachoonyesha bidhaa imetoka wapi, bila ushuru wa forodha. Huu ni msaada wa serikali kwa biashara ya nje ambao haupigiwi tarumbeta, lakini kwa mama mwenye katoni za sabuni una maana kuliko mikutano yote ya uwekezaji. Zambia haimo kwenye Jumuiya yetu. Mzigo wa Mpulungu, bandari yao ya ziwani, unafuata njia ya SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, na cheti chake, usije ukachanganya karatasi bandarini.

Udhaifu wa SIDO ni foleni na uhaba. Karakana moja haiwezi kuhudumia kila mkamuaji kuanzia Kalinzi mpaka Ilagala kwa wakati mmoja. Agiza mashine kabla ya msimu. Ukisubiri mikungu ianze kuiva utakuta wengine wametangulia.

Cheti cha uwekezaji

Tangu Julai 2025 kile tulichokiita TIC, kituo cha uwekezaji, kimeunganishwa na EPZA, mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje (EPZ), ikawa mamlaka moja: TISEZA, ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi. Sheria ya Uwekezaji ya 2022 ilikuwa imeshusha kiwango cha mtaji kwa Mtanzania anayetaka cheti kutoka dola 100,000 hadi dola 50,000, huku mgeni akitakiwa dola 500,000. Ilipotangazwa, wengi hapa waliona mlango umefunguka kwao. Kwa vikundi na wakamuaji wadogo bado uko mbali. Dola 50,000 ni zaidi ya Sh milioni 100.

Hata kwa aliyefikisha, piga hesabu kwanza. Kivutio kinachotajwa sana ni nafuu ya kodi kwenye mitambo. Lakini katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, mitambo mingi ya viwanda tayari iko kwenye asilimia sifuri ya ushuru wa forodha, mwenye cheti na asiye nacho. Cheti kinaanza kulipa unapoagiza vitu vinavyouzunguka mtambo, vyenye ushuru kamili, au unapohitaji wataalamu wa kigeni. Sheria ya 2022 ilimruhusu mwenye cheti kuleta hadi watu 10. Kama unachoagiza ni kinu kimoja na jenereta, muda utakaoutumia kwenye andiko la mradi unaweza kuzidi unachosamehewa.

Ninayemshauri achukue cheti ni huyu: ana kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hesabu zilizokaguliwa, ardhi yenye hati, na anataka kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta, si kukamua tu. Huyo asikawie, kwa sababu faida za cheti zinahesabiwa kabla mitambo haijafika bandarini.

Eneo maalumu la kiuchumi la Kigoma nalipitia haraka. Kwa masharti ya EPZ tuliyoyazoea, kiwanda kilitakiwa kuuza nje angalau asilimia 80 ya bidhaa zake, na kikapata likizo ya kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10. Mawese yetu yana soko kubwa hapa nchini, na nchi yenyewe ina njaa ya mafuta ya kula. Njia hii inamfaa anayesindika kwa ajili ya Kongo na Burundi tangu siku ya kwanza. Wengine wapite.

Ukiwa na mbia kutoka nje

Hapa nataka watu waangalie sana, maana Kigoma ni mji wa undugu. Ukoo mmoja una watu Ujiji, Bujumbura na Kalemie, na ni kawaida mjomba wa ng'ambo kuweka fedha kwenye biashara ya mpwa. Tangu Julai 2025 ipo amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Humo kuna biashara ya jumla na rejareja, ununuzi wa mazao shambani, na umiliki au uendeshaji wa viwanda vidogo na vidogo sana. Mtanzania anayemsaidia mgeni kukwepa amri hiyo naye ana adhabu yake: faini ya Sh milioni 5 au kifungo cha hadi miezi mitatu.

Kwa hiyo ule mpango wa mjomba kumiliki nusu ya mashine ya kukamua, ukiwa mdogo, hauna njia halali, hata kama karatasi zote ziko kwa jina lako. Zipo njia mbili. Mjomba anunue bidhaa: aagize sabuni na mawese, alipe sehemu mbele kwa mkataba wa maandishi, naye apokee mzigo upande wake. Au aje kama mwekezaji kamili, na mtaji wake, kupitia TISEZA, kwa kiwanda kinachozidi udogo ule. Njia ya kwanza ndiyo ninayoipenda. Inaleta fedha ya ng'ambo Kigoma na umiliki unabaki hapa.

Ninajua wapo wanaoiona amri hii kama inafukuza wawekezaji. Kwa mkoa wa mpakani inauma kwa namna yake, sikatai. Lakini mwekezaji tunayemhitaji ni yule wa kujenga kisichoweza kujengwa na kikundi cha wanawake watano. Kampuni ya Itracom kutoka Burundi ilijenga kiwanda cha mbolea Dodoma, pale Nala. Fedha ilitoka jirani yetu wa ukuta mmoja, ikatupita, ikaenda katikati ya nchi. Kazi ya viongozi wa mkoa ni kuhakikisha anayefuata hatupiti: umeme usiokatika, ambao mradi wa Malagarasi wa megawati 49.5 unatakiwa kuusaidia, viwanja vilivyopimwa, na reli ifike.

Tukiziweka bega kwa bega kwa ajili ya ajira

Nikitazama nani anapata kazi, mkopo wa halmashauri unawaajiri wanakikundi wenyewe na vibarua wa msimu. Ni kazi za haraka, na zinakufa haraka mkopo ukienda vibaya. Mashine na alama ya ubora kupitia SIDO zinazaa kazi polepole: mkata mikungu, mchambuaji, mkamuaji, mpika sabuni, mfungaji, mbebaji wa madumu mpaka Kibirizi, na fundi. Kiwanda chenye cheti kinaajiri kwa mkataba na kulipia mifuko ya hifadhi ya jamii, ila vinakuja vichache na vinataka mikungu mingi kwa uhakika, maana yake vinawategemea haohao wakulima wadogo.

Ndiyo sababu ya mpangilio wangu. Kinachokaba wakamuaji wengi wa Kigoma ni mafuta yasiyolingana ubora na mashine inayokufa msimu ukipamba moto. Fedha ikiingia kabla ya hayo kurekebishwa inanunua mikungu mingi zaidi ya kuharibu. Ukiwa na mashine inayoaminika, daftari lenye safu zote na alama kwenye kifungashio, ombi lako la mkopo linasimama lenyewe.

Wa kugeuza mpangilio huo ni wawili. Mtu mwenye ulemavu ambaye tayari ana kazi inayoendelea aanze halmashauri moja kwa moja, kwa kuwa hahitaji kusubiri kikundi. Na kikundi ambacho mashine yao ni nzima, wateja wapo, wanakosa tu fedha ya kununua mikungu, nao waende halmashauri leo.

Wa dagaa nao nina neno kwao, kwa kuwa wengi wa mialo ya Kibirizi na Katonga wanaomba mkopo uleule wa asilimia 10. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mapumziko hayo nayaunga mkono kwa moyo wote. Ziwa bila dagaa halina mkopo wa kuliokoa. Ila miezi mitatu ya vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, kukaa nchi kavu ni miezi mitatu bila marejesho. Kabla hamjatia saini, wekeni kalenda ya ziwa mezani mbele ya anayewakopesha, na ombeni ratiba iandikwe ndani ya mkataba kwa kuifuata: malipo makubwa miezi ya kuvua, na miezi ya kufungwa yasiwepo. Akikataa kuandika, ombeni kiasi kidogo ambacho akiba ya kikundi inaweza kukilipa ziwa likiwa limefungwa.